Anayejenga ndiye agharamie uchimbaji

Mhariri,

Msomaji mwenzangu amelalamika katika safu hii kwamba wanaakiolojia wa London wanachelewesha majengo kwa ajili ya "vigae vya Warumi". Naomba kutofautiana naye.

Uingereza, tangu serikali ilipotoa mwongozo wa mipango miji wa 1990, mwenye mradi hutakiwa kujua kilichomo ardhini kabla ya kupewa kibali, na gharama za kuchimba ni zake. Zinaingia kwenye bajeti na ratiba mapema, kama zinavyoingia nguzo za msingi. Mradi unaochelewa kwa sababu hiyo umepangwa vibaya.

Zamani ilikuwa bahati nasibu. Mwaka 1954, katika kiwanja cha Walbrook, katikati ya London, kilichovurugwa na mabomu ya vita, mwanaakiolojia W. F. Grimes na watu wake walikuta hekalu la Mithras, mungu aliyeabudiwa na Warumi, muda wao ukiwa unayoyoma. Kichwa cha mungu huyo, cha marumaru, kilipoibuka, watu walipanga foleni kwa maelfu, na hata baraza la mawaziri la Churchill likalijadili suala hilo. Jengo la ofisi likaendelea vilevile. Mawe yaling'olewa, na 1962 yakapangwa upya kama mita 100 kutoka hapo, juu ya maegesho ya magari, kwa saruji ya kisasa. Aibu tupu.

Bloomberg, kampuni ya habari za fedha, walipojenga makao yao kwenye kiwanja hichohicho, wachimbaji wa Museum of London Archaeology walipewa nafasi ya kufanya kazi yao, kati ya 2010 na 2014. Tope la kijito cha Walbrook, lenye maji na lisilopitisha hewa, lilikuwa limezuia mbao na ngozi zisioze. Vilitoka vitu zaidi ya 14,000, vikiwemo vibao vya kuandikia 405. Nta iliyopakwa juu yake ili iandikwe imekwisha, lakini ncha ya kalamu ya chuma ilipenya hadi kwenye ubao, na mikwaruzo hiyo ndiyo aliyoisoma Roger Tomlin, mtaalamu wa maandishi ya Kirumi. Kibao kimoja ni cha tarehe 8 Januari mwaka 57 BK: Tibullus, mtumwa aliyeachwa huru, anakiri kudaiwa na Gratus dinari 105, bei ya bidhaa alizokwisha kukabidhiwa. Hati ya deni la kibiashara, miaka michache tu kabla ya watu wa Boudica, malkia aliyewaasi Warumi, kuuteketeza mji! Katapila lingeibeba pamoja na kifusi, nani angejua?

Kama ni kulalamika, kuna la kulalamikia: anayelipa ndiye anayechagua wa kuchimba, na kampuni za akiolojia hushindana kwa bei. Wasimamizi wa serikali za mitaa wakilegea, kazi italipuliwa. Hapo msomaji mwenzangu angepaza sauti, ningemuunga mkono.

Akifika London, ashuke mita saba chini ya jengo hilo. Tangu 2017 hekalu limerudishwa karibu kabisa na mahali pake, na kiingilio ni bure.

Msomaji wenu,
London