Marijani wa Bombo

Bombo, Luweero
Jumapili jioni

Ndugu yangu Athumani,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule kijana wa lori, na tende zimefika zote isipokuwa zile alizokula njiani. Mama anakusalimu sana. Anasema umri wake hauzidishi meno, mara nyingine ulete halua.

Nimecheka uliponiuliza, "Yakhe, mtu wa matoke kama wewe jina la Marijani umelipata wapi?" Unasema umewauliza wazee wa mtaani kwenu, wakakujibu kwamba ni jina la zamani, kisha wakageuza mazungumzo. Hawakukosa la kusema, Athumani. Walikuonea haya.

Nianze na tahajia, kwa maana hapo ndipo watu wengi hunipotezea. Kitambulisho changu kinasema Morjan. Cha kaka yangu kinasema Murjan. Dada yetu ni Marijani kama unavyoniita wewe, na kisa chake nitakifikia. Mwaka 2014, tulipoandikishwa vitambulisho vya taifa, karani aliniuliza jina la ukoo. Nikamwambia sisi Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudani, hatuna kitu hicho. Mtu ana jina lake, la baba yake, la babu yake, unapanda hivyo hivyo mpaka ufike kwa mtu ambaye hakuna aliye hai aliyemwona. Akanitazama kama ninayemficha jambo. Nilimwelewa. Yeye ni Muganda, na kwao jina ni nusu ya ramani. Ukisikia Wasswa umejua ni kulwa na nyuma yake yuko Kato. Ukisikia Walusimbi umejua ni mkuu wa ukoo wa Ffumbe. Mtu akishataja ukoo na muziro wake, yaani mwiko wa ukoo, watu wanajua kama wanaweza kuoana au la. Mimi muziro wangu ni upi? Nikasema, andika tu. Akaandika alivyosikia.

Sasa jina lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, marjan, wengine hutamka murjan, na nyinyi wa pwani mmelifanya marijani: ile nyekundu ya baharini inayofanywa shanga, na iliyo safi kabisa mkaiita marijani ya fedhaluka. Katika Suratu Rahman limo mara mbili, mara moja pamoja na lulu, mara moja pamoja na yakuti. Wapo wafasiri wa kale waliosema maana yake si marijani hii bali ni lulu ndogo ndogo. Wataalamu wa lugha nao hulifuata nyuma zaidi, mpaka Kisiria na kwa Wagiriki waliokuwa wakiiita lulu margarites. Kwa hiyo jirani yangu Magreti, muuza gonja, ndizi za kuchoma, wa pale stendi, ni wajina wangu! Nimemweleza, hakuamini. Alinipa gonja moja bure, nadhani kwa kunihurumia.

Hayo ni mazuri. Sasa yale waliyokunyamazia wazee.

Katika nchi za Waarabu na Waturuki mtumwa alipewa jina na bwana wake, na mabwana walipenda majina ya vito, manukato na bahati njema: Almas, Yakut, Murjan, Anbar, Kafur, Rihan, Bakhit, Mabruk, Surur, Farajallah. Hata kijakazi wa Ali Baba, yule mwenye akili kuliko nyumba nzima, jina lake ni hilo langu kwa kike, Murjana. Mwungwana humwita mwanawe Muhammad au Ali. Aliyenunuliwa huitwa kama kitu kinachowekwa sandukuni. Ndiyo maana huko kwenu pia mna akina Feruzi na Almasi, na Mabruki aliyefuatana na wale Wazungu wavumbuzi, Burton na Speke, kwenda Ziwa Tanganyika. Wazee wako wanalijua hilo, na hawakutaka kukwambia rafiki yako ni nani.

Sisi lilitufikia kwa njia ya jeshi. Muhammad Ali wa Misri aliivamia Sudani mwaka 1820 akitafuta, pamoja na dhahabu, watu wa kuwafanya askari. Waliokamatwa walikuwa Wadinka, Wabari, Wanuba na wengine wengi. Walisilimishwa, wakapewa bunduki na majina. Mwaka 1863 mtawala wa Misri alimkopesha Napoleon III askari 447 wa aina hiyo wakapigane Mexico. Kukopesha watu, kama jembe! Kamanda wao alipokufa kwa homa ya manjano, aliyeshika nafasi yake aliitwa Muhammad Almas. Almasi akiongoza vita upande wa pili wa dunia.

Wa kwetu walikuwa chini ya Emin Pasha, liwali wa Ikweta, jimbo la kusini mwa Sudani lililokuwa chini ya Misri, tangu 1878. Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudani, alipoiteka Khartoum mwaka 1885, walibaki wamekatika na dunia, wakarudi kusini mpaka Wadelai, kwenye Nile, hapa hapa Uganda ya leo. Emin akaondoka na mvumbuzi Stanley 1889 kuelekea pwani. Askari wengi walibaki na ofisa wao Selim Bey kule Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, na ndiko Mwingereza Lugard alikowakuta mwaka 1891 akawachukua na wake zao, watoto na wafuasi, maelfu ya watu, kuja kulinda ngome za Waingereza Toro na Bunyoro. Baadaye wengi wakajiunga na KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na kambi ikawa hapa Bombo. Katika msafara ule wa Kavalli alikuwamo baba wa babu yangu, askari Murjan.

Bibi alikuwa akisema kwamba Murjan alikuwa na jina jingine, alilopewa na mama yake, na kwamba alipougua mara ya mwisho alilitaja usiku akiwa na homa. Waliokuwa chumbani hawakuijua lugha aliyoisema. Asubuhi alikuwa amefariki. Nimeipima hadithi hii mara nyingi, labda bibi aliitia chumvi, lakini kila ninapoandika jina langu kwenye fomu huwa naikumbuka.

Sasa dada. Mwaka 1979, serikali ya Amin ilipoanguka, kuitwa Mnubi kulikuwa hatari, maana tulihesabiwa watu wake, na Bombo ikabaki karibu tupu. Baba alituchukua kuelekea Kenya. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani askari akamuuliza jina. Baba, ambaye hakuwahi kuiona bahari, akajibu kwa Kiswahili cha redioni, "Naitwa Marijani, mtu wa Mombasa, nilikuja kuuza nguo." Tukapita. Dada alizaliwa miezi mitatu baadaye ng'ambo, na baba hakuthubutu kurekebisha neno. Kwa hiyo ukiniuliza nani kati yetu ana jina lililo sahihi, mimi nasema yeye. La kwangu na la kaka ni kazi ya makarani. La kwake baba alilichagua mwenyewe.

Siku hizi jina linapungua. Vijana wetu ni Ibrahim, Rashid, Shamim, na si vibaya. Katiba ya 1995 imetuweka Wanubi katika orodha ya makabila yaliyokuwako Uganda tarehe 1 Februari 1926, kwa hiyo hatulazimiki tena kuwa watu wa Mombasa. Mwanangu anataka kumpa mtoto wake jina la Murjan. Mkewe amekataa, amesoma habari za utumwa mtandaoni. Wameniletea mimi niamue, na mimi nimewaambia nasubiri jibu la rafiki yangu. Basi niambie unaonaje, bila kunionea haya kama wazee wako.

Jambo la mwisho. Kinubi chetu maji tunayaita moyo, utacheka ukilisikia. Mama ameolewa na jina la bahari miaka sitini na hajawahi kuona maji makubwa kuliko ya Nyanza. Ukija Idd niletee kipande cha marijani, kidogo tu, hata kama si ya fedhaluka. Anataka kukishika mkononi.

Wako,
Morjan
(kwa mujibu wa karani)