Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira, Kaunti ya Kisumu: mtungi wangu niupeleke wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kibuye. Mimi ni fundi wa kuchomelea: milango, madirisha, na kila Januari masanduku ya watoto wanaoingia bweni. Mashine yangu niliisuka mwenyewe, koili za waya wa shaba ndani ya debe, nikazimwagia mafuta ya transfoma zisiungue. Mafuta hayo niliuziwa jioni moja na mtu aliyebeba mtungi wa njano wa lita 20. Sikumuuliza ameyatoa wapi. Nilijua, na wewe unajua.

Kwa miaka nimeyachota kwa mkono mtupu. Ni mepesi, rangi ya asali, wala hayanuki vibaya. Ukimaliza unajipangusa kwenye suruali, unachukua hindi lako la kuchoma, unaendelea na kazi. Mtoto wa dada yangu, anayesoma kemia chuoni, ndiye aliyenikuta hivyo akanikemea mbele ya wateja.

Alinieleza habari za PCB. Ni kemikali zenye klorini zilizoanza kutengenezwa kwa biashara mwaka 1929, zikatiwa kwenye transfoma na kapasita kwa kuwa haziwaki upesi. Marekani ilizipiga marufuku 1979. Zikiingia mwilini hujificha kwenye mafuta ya mwili na hazitoki kirahisi, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameziweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani. Japani mwaka 1968 zilivuja kiwandani kutoka kwenye mabomba ya kupashia joto, zikaingia kwenye mafuta ya kupikia ya pumba za mchele. Watu walitoka machunusi mwili mzima, na kuna watoto waliozaliwa ngozi imegeuka rangi. Ugonjwa huo wanauita Yusho, yaani ugonjwa wa mafuta.

Sote tumesikia kuwa wapo wanaonunua mafuta ya transfoma kukaangia chipsi kwa sababu hayaishi haraka kwenye karai. Simnyoshei kidole mtu yeyote, na mama zetu wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi, yale mabaki ya samaki aliyetolewa minofu, nawaheshimu. Lakini mtungi wa njano hauna jina. Leo umebeba haya, kesho uko jikoni.

Si kila transfoma ina PCB. Nyingi zilijazwa mafuta ya kawaida ya madini, ila pampu na mpira uliopita kwenye transfoma chafu ukapelekwa kwenye safi huiambukiza. Jicho halitambui, pua haitambui. Kuna kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma klorini kwa kubadilika rangi, na majibu hupatikana kwa dakika chache. Kikionyesha kuna shaka, sampuli inapelekwa maabara. Mpaka wenyewe ni miligramu 50 za PCB kwa kila kilo ya mafuta; yakizidi hapo ni machafu.

Kilichonifurahisha ni kwamba mafuta machafu yanaweza kuoshwa. Yanakaushwa kwanza hadi maji yaishe kabisa, kisha yanachanganywa na sodiamu iliyosagwa laini, ndani ya mtambo uliofungwa na kujazwa naitrojeni. Sodiamu inainyakua ile klorini, na kinachotokea ni chumvi, ileile ya mezani! Mafuta yakichujwa yanaweza kurudi kwenye transfoma. Lakini si kazi ya jua kali, maana sodiamu ikikutana na tone la maji inatoa gesi ya haidrojeni na moto. PCB tupu, zisizochanganywa na mafuta, kwa kawaida huchomwa kwenye tanuri maalumu la zaidi ya nyuzi 1,100. Ukizichoma nyuma ya karakana unazaa dayoksini, sumu kali kuliko hiyo ya kwanza. Ukizimwaga mtaroni, mvua inazipeleka mto Kisat, na Kisat unaingia ziwani.

Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm, ule wa dunia wa kuondoa kemikali za sumu zisizooza, mwaka 2004. Mkataba huo uliweka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB, na 2028 kuwa mwaka wa kuwa tumeshughulikia taka zake. Mitambo ya sodiamu ipo ya kubebwa kwa lori. Najua kuileta ni kazi ya Nairobi na bajeti yake. Lako, Mheshimiwa, ni dogo zaidi: fungua mahali pamoja hapa mjini pa kupokea mafuta haya, pawe na sakafu ya saruji isiyovuja, mapipa yenye vifuniko na kile kipimo cha mkononi. Na langoni asisimame askari.

Hapo ndipo penye shida. Mafuta haya ni ya wizi, na kila fundi anayo. Ukitangaza msako, kufikia usiku yote yatakuwa mtaroni. Tupe miezi mitatu ya kurudisha bila kuulizwa jina, utuonyeshe pia mafuta gani halali ya kutia kwenye mashine, kwa sababu kesho asubuhi bado tutachomelea.

Mimi nimeshayatoa ya kwangu. Nimeyarudisha kwenye mtungi, nikauandika SUMU kwa rangi nyekundu, nikauweka juu ya kabati watoto wasikofika. Nangoja kuambiwa niupeleke wapi.

Wako,
Fundi wa kuchomelea, Kibuye