Watoto wacheze mpira, lakini vichwa vyao tuviache

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu, makocha wa timu za watoto na viongozi wa mpira wa miguu juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi tumelichukulia kama sehemu ya kawaida ya mchezo, nalo ni kichwa cha mtoto kiwanjani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, niliwahi kuwa beki wa kati wa timu ya chuo cha ualimu, na mpaka leo sioni raha inayozidi ile ya kukaa kivulini jioni nikitazama watoto wakicheza chandimu. Nalisema hili mapema asije mtu akanihesabu miongoni mwa wazee wanaotaka watoto wafungiwe ndani.

Mwezi uliopita mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 10 aliruka kugombea mpira wa kona na mwenzake, wakagongana vichwa, naye akaangukia kisogo kwenye udongo mkavu wa kiwanja cha mtaani kwetu hapa Morogoro. Alilala pale kimya kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, ingawa huenda haukufika nusu dakika. Kocha alikuja mbio na chupa ya maji, akammwagia kichwani, akamnyoosha miguu, akamuuliza kama yuko sawa. Mtoto aliitikia kwa kichwa, watazamaji wakapiga makofi, na mzazi mmoja aliyekaa jirani yangu akasema kwa sauti, "Huyo ndiye mwanaume!" Nakiri kwamba na mimi nilipiga makofi. Akarudi mchezoni, akacheza mpaka filimbi ya mwisho. Jioni, tulipokuwa tukinawa mikono tule, akaniuliza, "Babu, tulishinda?" Nikamjibu kwamba walishinda mbili bila na kwamba bao la kwanza lilitokana na pasi yake. Ugali haujafika mezani akaniuliza tena swali lile lile, kwa sauti ile ile, kama mtu ambaye hajauliza kitu. Aliporudia mara ya tatu sikumjibu, nilitoka kutafuta bajaji, na tulipokuwa bado uani alikuwa ameshatapika.

Daktari aliyetupokea alimpima, akamlaza usiku ule ili aangaliwe, akatueleza kwamba ni mtikisiko wa ubongo. Alinipa mfano ambao nimeshaurudia kwa kila mzazi niliyekutana naye tangu siku hiyo. Yai likitikiswa kwa nguvu, alisema, ganda linaweza kubaki zima huku kiini kimevurugika, na anayelitazama kwa nje hawezi kujua. Sisi tumezoea kutafuta nundu: mtoto akianguka tunampapasa kichwa, tukiikuta tunaikanda, tusipoikuta tunamshukuru Mungu na kumwambia aende akacheze. Kumbe ubongo umekaa ndani ya majimaji katika fuvu, na kichwa kinaposimama au kugeuka ghafla wenyewe huendelea na mwendo wake, ukavutika na kujipinda, na hayo hayaachi alama yoyote kwenye ngozi. Wala si lazima mtoto azirai. Wengi wanaopata mtikisiko hawazirai kabisa. Huumwa kichwa, huona kizunguzungu, huona kitu kimoja kuwa viwili, huwa wazito kuelewa, hukasirika bila sababu, hutapika au husinzia wakati ambao si wa kulala, na dalili hizo huweza kuchelewa saa kadhaa, wakati kocha ameshakwenda kwake na mwamuzi ameshasahau.

Nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodi nilimkumbuka Christoph Kramer wa Ujerumani. Tarehe 13 Julai 2014, katika fainali ya Kombe la Dunia pale Maracanã, aligongwa usoni na bega la mchezaji wa Argentina mapema katika kipindi cha kwanza, akatibiwa haraka na kurudishwa uwanjani. Baadaye akamfuata mwamuzi, Nicola Rizzoli, akamuuliza kama ile mechi ndiyo fainali. Mwamuzi alidhani anatania. Alitolewa dakika ya 31, baada ya robo saa hivi ya kucheza mechi kubwa kuliko zote duniani bila kujua yuko wapi. Ikiwa hayo yalitokea mbele ya madaktari wa timu, kamera za kila pembe na mamilioni ya watazamaji, sina haki ya kumlaumu sana kijana wa mtaani kwetu anayewafundisha watoto bila mshahara, mwenye filimbi, mipira miwili na chupa ya maji. Ninachomwomba ni kwamba mtoto akigongwa kichwa, siku hiyo asirudi tena mchezoni. Asiulizwe kama yuko sawa, kwa sababu anayeulizwa ndiye huyo ambaye kiungo chake cha kujibia kimeumia. Na hata angekuwa mzima, hakuna mtoto wa miaka 10 atakayesema mbele ya wenzake kwamba hajisikii vizuri.

Mgongano wa kichwa kwa kichwa angalau huonekana. Lipo jambo la pili ambalo halionekani, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Enzi zetu chuoni mwalimu wa michezo alifunga mpira ndani ya wavu, akauning'iniza kwa kamba kwenye tawi la mwembe, nasi mabeki tukapanga foleni na kuruka kuupiga kichwa, mmoja baada ya mwingine, mara hamsini kila jioni. Mvua ikinyesha ngozi ya mpira ilinyonya maji, ukawa mzito kama mzigo, na tulikuwa tukirudi bwenini masikio yanavuma. Tuliamini kwamba huko ndiko kukomaa. Nilipokwenda kumtazama mjukuu wangu mazoezini mwaka huu nilikuta mwembe mwingine na kamba nyingine, na chini yake foleni ya watoto ambao wengine hawajang'oka meno ya utoto yote.

Uingereza wamelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi, na wamelilipia. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion aliyesifika kwa mabao ya kichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, hali akiwa amepotewa na kumbukumbu kabisa. Afisa aliyechunguza kifo chake aliamua kwamba ni ugonjwa uliotokana na kazi, yaani kupiga mpira kichwa. Katika kikosi cha England kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966, Ray Wilson, Martin Peters, Nobby Stiles na ndugu wawili Jack na Bobby Charlton wote waliugua ugonjwa wa usahaulifu uzeeni. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha matokeo ya kuchunguza rekodi za wachezaji 7,676 wa zamani wa Scotland, wakiwalinganisha na watu zaidi ya 23,000 wa kawaida. Walikuta kwamba wachezaji wale walikuwa na uwezekano wa kufa kwa magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo mara tatu na nusu zaidi ya wenzao. Walipoendelea kuchambua, mwaka 2021, ilionekana kuwa mabeki ndio wenye hatari kubwa, kama mara tano, ilhali makipa hawakutofautiana sana na watu wengine. Mimi niliyekuwa beki wa kati nilisoma mstari huo mara mbili, na si kwa sababu nilikuwa nimesahau mara ya kwanza.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Watu wale walikuwa wachezaji wa kulipwa, wanaume peke yao, waliopiga vichwa kwa miaka mingi, wengi wao kwa mipira ya ngozi ya zamani. Waliokufa kwa magonjwa hayo walikuwa asilimia 1.7 tu, dhidi ya asilimia 0.5 ya watu wa kawaida. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba wachezaji walikufa kwa uchache zaidi kwa maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Kwa hiyo anayemwambia mzazi kwamba mtoto akipiga mpira kichwa atazeeka bila akili anatia chumvi. Mpira unampa mtoto moyo wenye afya, marafiki na nidhamu, na unamwondoa kwenye vijiwe. Mimi nimefundisha miaka mingi na nimeona vijana ambao bila mpira wasingemaliza darasa la saba.

Wazazi wengine husoma mtandaoni hofu za Wamarekani wakazihamishia huku bila kuangalia ni mpira gani unaozungumzwa. Kule "football" ni mchezo mwingine, wa kubeba mpira mkononi na kukumbana kwa makusudi, na aliyegundua ugonjwa wa ubongo katika maiti ya mchezaji wake Mike Webster, aliyefariki mwaka 2002, ni daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu. Katika mchezo ule kukumbana ndiyo mchezo wenyewe, na ukikuondoa hakibaki kitu. Katika mpira wetu kichwa ni kiungo kimoja tu cha kuchezea, na kwa mtoto si cha lazima hata kidogo.

Hao hao Wamarekani, katika mpira wa miguu, wamechukua hatua rahisi. Mwaka 2015 shirikisho lao lilikataza kabisa watoto wa miaka 10 kurudi chini kupiga mpira kichwa, na wa miaka 11 hadi 13 likawawekea mipaka mazoezini; mtoto akipiga kichwa kwa makusudi katika mechi, timu pinzani hupewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, basi, na mchezo unaendelea. Mwaka 2020 England, Scotland na Ireland ya Kaskazini zikaelekeza kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe vichwa mazoezini, na kuanzia msimu wa 2024/25 England ikaanza kuviondoa kwa awamu hata katika mechi za watoto wa chini ya miaka 7 hadi chini ya miaka 11. Sababu inaeleweka hata kwa asiye daktari: kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa mwili wake, na misuli ya shingo yake bado haina nguvu ya kukishikilia kinapopigwa.

Sisi tunaweza kuanzia kwenye mpira wenyewe. Watoto wa mtaani kwetu wanachezea mpira namba 5, ule wa watu wazima, ambao kwa kanuni una uzito wa gramu 410 hadi 450, na wanaujaza upepo mpaka unalia kama ngoma, kwa sababu mpira ulio laini wanauona wa kizembe. Namba 3 na namba 4 zipo madukani na zimetengenezwa kwa ajili yao. Na hapa niruhusiwe kuusifia umaskini kidogo: mpira wa makaratasi na mifuko ya nailoni tuliouchezea utotoni haukudunda wala kupaa, hivyo ulikaa chini miguuni ambako ndiko chenga zinakofundishwa, na hakuna aliyefikiria kuupiga kichwa. Wachezaji wenye miguu laini niliowahi kuwaona walilelewa na mpira ule.

Kwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, na kwa wanaosimamia UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi, ombi langu ni kwamba kanuni ya vichwa na kanuni ya mtoto aliyegongwa ziandikwe kwa Kiswahili chepesi katika ukurasa mmoja, na ukurasa huo umfikie kocha wa mchangani, kwa maana kanuni inayobaki Karume, kwenye ofisi za shirikisho, haimlindi mtoto wa Morogoro. Mashindano ya shule yana hatari yake ya pekee, kwani mechi hufuatana siku kwa siku, na mtoto aliyetikiswa ubongo Jumatatu anaweza kupangwa Jumanne kwa kuwa ndiye mfungaji. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi za chini unataka anayeshukiwa kupata mtikisiko atolewe hapo hapo, na asirudi mashindanoni kabla ya siku 21. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona ndilo linaloogopwa kuliko la kwanza, na kwa watoto na vijana limewahi kuua.

Najua watakaosema kwamba tuna hatari kubwa zaidi za kushughulikia, na kwamba mtoto ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupasuka kichwa juu ya bodaboda kuliko chini ya mpira wa kona. Sibishani nao. Ila kuipunguza ajali ya barabarani kunataka askari, taa na fedha, wakati kuishusha kamba ya kwenye mwembe kunataka kisu tu.

Mjukuu wangu amemaliza wiki tatu za kupumzika, kichwa hakimuumi tena, na daktari amemruhusu aanze kukimbia taratibu. Nitamrudisha kiwanjani kwa mkono wangu mwenyewe. Jumamosi nilimfuata kocha wake kumweleza haya yote. Alinisikiliza kwa adabu, akakubali kwamba atakayegongwa kichwa atakaa nje siku hiyo. Nilipomwomba aishushe ile kamba, akaitazama, akakuna kisogo, akasema, "Mwalimu, tungoje kwanza mashindano yaishe."

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro