YAH: Malalamiko kuhusu gari mpya mliyoniuzia kwa punguzo bila kuniambia imekaa yadi muda gani

Kwa Meneja wa Mauzo, na nakala kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi.

Naandika baada ya kupiga simu mara sita na kufika hapo Nyerere Road kwa miguu yangu mara tatu. Kila nikija naambiwa anayehusika katoka, nikirudi naambiwa yuko kikao, mara ya tatu kijana wa mapokezi akaniambia "mzee andika barua tu", basi ndo hii naandika na nitaeleza kila kitu ili asitokee mtu wa kusema hakuambiwa.

Gari nilinunua kwenu mwezi wa nane mwaka huu 2025. Ni ile SUV ndogo ya rangi ya fedha iliyokuwa kona ya nyuma karibu na ukuta. Bei yake mlisema ilikuwa milioni 78, mkashusha mpaka milioni 57, na kijana wa mauzo akaniambia sababu ya kushuka ni kwamba modo mpya imeingia na hii imebaki moja tu. Nikamuuliza, na namuuliza tena hapa kwa maandishi, "hakuna shida nyingine?" Akasema "mzee hii ni ziro kilomita, haijawahi kukaliwa na mtu". Odometa ilisoma kilomita 41. Nikaamini. Milioni 30 ni mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara wangu mpaka 2029, zilizobaki ni kiwanja tulichouza mimi na mke wangu kule Mapinga. Sisemi ili mnionee huruma, nasema ili mjue hela iliyoingia pale siyo hela ya kuchezea.

Sasa nianze na betri maana ndo ya kwanza. Siku ya tisa tu toka niichukue, nimepaki Kariakoo kwa muda wa saa moja na nusu, narudi gari haiwaki, haina hata taa ya dashibodi. Ikabustiwa na bodaboda mmoja mwenye waya, ikawaka, kesho yake asubuhi nyumbani ikagoma tena. Nikaileta kwenu, fundi akapima akasema betri imekufa na betri haipo kwenye waranti kwa sababu ni kitu kinachochakaa. Inachakaa kwa siku tisa? Nikanunua nyingine kwa hela yangu, risiti ninayo. Wakati ule nilichukulia ni bahati mbaya.

Halafu ikaanza kutetemeka. Ukifika spidi 80 usukani unacheza, ukifika 100 gari zima linatetemeka mpaka chupa ya maji inaanguka. Nikaenda kufanya alaimenti na balansi mara mbili, haikusaidia kitu. Fundi wa matairi, siyo wa kwenu, wa hapa Tabata, ndo akaniinamisha akanionyesha namba nne kwenye ubavu wa tairi: 3422. Akasema mzee hii ni wiki ya 34 mwaka 2022. Zote nne ziko hivyo. Najua tairi ya miaka mitatu haiwi mbovu kwa umri peke yake, hata yeye alisema hivyo hivyo, lakini alinionyesha na sehemu moja kwenye kila tairi ambapo mpira umebapa, kwa sababu gari ilisimama pale pale muda mrefu, upepo umepungua, uzito wote umelalia upande mmoja bila kusogezwa hata nusu mita. Ukilizungusha tairi kwa mkono unaliona kwa macho. Ndo siku niliyoanza kujiuliza hii gari mmeikalia muda gani.

Jibu nililipata hapo hapo kwenu bila kutegemea. Nilipoileta kwa sevisi ya kwanza, dada wa kaunta akaingiza chesisi namba kwenye kompyuta akaniambia waranti yangu imebaki miezi mitano. Nikamwambia dada umekosea, waranti ni miaka mitatu au kilomita 100,000, na gari nina miezi miwili nayo. Akageuza skrini nione mwenyewe. Waranti imeanza kuhesabiwa Machi 2023. Yaani gari ilishaandikwa kwenye mfumo kuwa imeuzwa wakati bado ipo yadi kwenu inapigwa jua. Nimeulizia kwa watu wanaoijua hii kazi wakaniambia hutokea, tawi linataka kufikisha lengo la mauzo la mwezi au la robo mwaka, gari inaandikwa imetoka wakati haijatoka, na kuanzia siku hiyo saa ya waranti inatembea hata kama gari haitembei. Kama kwenu ilikuwa hivyo au kuna sababu nyingine sijui, ninyi ndo mnajua, nataka mnijibu. Ninachojua mimi ni kwamba kwenye miaka mitatu niliyoahidiwa, karibu miaka miwili na nusu mlishaitumia ninyi kabla sijalipa hata shilingi.

Na hapo nilikuwa bado sijaenda safari.

Oktoba nilimpeleka mama yangu Iringa msibani. Kwenda tulifika, kwa kutetemeka lakini tulifika. Kurudi, mnajua wenyewe Kitonga ilivyo, ule mteremko na makona na malori yamejaa. Niko nyuma ya semi, nimeweka gia ndogo kama inavyotakiwa, nakanyaga breki kidogo kidogo, kona ya tatu au ya nne nikasikia pedo inakuwa laini, inazama, nakanyaga inakwenda karibu mpaka chini na gari inashika kidogo sana. Mama yupo siti ya mbele ana miaka 71. Nikashusha gia tena, nikavuta hendibreki taratibu, nikaegesha pembeni upande wa mlima, nashukuru Mungu kulikuwa na nafasi. Mikono ilikuwa inatetemeka, sikuweza kuongea. Tulikaa pale kama dakika arobaini, pedo ikarudi ngumu, tukashuka polepole mpaka Ruaha Mbuyuni. Pale kuna fundi karibu na wauza vitunguu, akafungua kikopo cha maji ya breki akaniita niangalie. Yalikuwa meusi kama strungi. Akaniuliza "gari ya mwaka gani hii?" Nikashindwa kumjibu, maana kwa kadi ni mpya.

Nilipofika Dar gereji wakapima kwa kile kipimo cha kuchovya, ikawaka nyekundu. Maji ya breki yanavuta unyevu wa hewani hata gari ikiwa imesimama, unyevu ukizidi yanachemka mapema ukikanyaga sana mteremkoni, na yakichemka unabaki na mvuke badala ya breki. Ndo maana yalipopoa breki ilirudi. Kitabu cha gari mlichonipa ninyi wenyewe kimeandika yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, bila kujali kilomita. Na unyevu wa Dar mnaujua. Oili ya injini nayo ilikuwa ile ile ya kiwandani mpaka sevisi ya kwanza niliyolipia mimi.

Sasa ile fomu ya ukaguzi kabla ya kukabidhi, ninayo hapa mbele yangu. Betri, tiki. Matairi na upepo, tiki. Maji ya breki, tiki. Tiki zote zimepigwa kwa kalamu moja kutoka juu mpaka chini na kuna sahihi ya fundi wenu na mhuri. Hii ndo inaniuma kuliko yote. Kwa sababu mngeweza kusema. Mngeniambia mzee gari hii imesimama hapa miaka miwili na zaidi, ndo maana tumekupunguzia milioni 21, kabadilishe matairi, betri na maji yote, mimi ningepiga hesabu na pengine bado ningeinunua, maana hata ukitoa gharama hizo bei ilikuwa nzuri. Sina ugomvi na gari iliyokaa, wala sikatai kwamba mlinipunguzia. Ninachokataa ni kuambiwa punguzo ni la modo kumbe ndani yake kuna breki za mama yangu.

Kabla ya hii nilikuwa na mtumba wa Japan, nilikaa nao miaka saba. Ule ulikuja na karatasi yake ya mnada, imeandikwa gredi, imechorwa kila mkwaruzo ulipo, mwaka unajulikana na TRA wenyewe waliuangalia kwenye kukokotoa ushuru. Gari ya mtu mwingine kabisa ng'ambo ya bahari nilijua historia yake kuliko hii mpya niliyonunua hapa hapa mjini kwa watu ninaowaona usoni.

Ninachotaka ni hiki. Waranti ianze siku niliyokabidhiwa gari, mwezi wa nane 2025, na iandikwe hivyo kwenye mfumo wa mtengenezaji, siyo mniandikie karatasi ya ofisini halafu meneja akihama inakuwa haina maana. Matairi manne mapya, na nitaangalia namba zake mwenyewe. Mnirudishie hela ya betri na ya kubadilisha maji ya breki, jumla na risiti zipo. Mfumo mzima wa breki ukaguliwe na mtu ambaye hakusaini ile fomu, nami niwepo. Na mniambie kwa maandishi gari iliingia nchini lini na Machi 2023 kulitokea nini. Ya alaimenti na balansi nimeyaacha, na sidai fidia ya ile siku ya Kitonga, sijui hata ningeiweka bei gani.

Nawapa siku 14. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa Sura ya 214 inataka muuzaji auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, nayo ina tume yake, FCC, yaani Tume ya Ushindani, na nimeshaulizia utaratibu wa kupeleka malalamiko pale. Sipendi kufika huko. Lakini nyaraka zimeshapangwa kwenye faili: risiti ya EFD, fomu yenu ya tiki, picha za matairi na zile namba, picha ya ile skrini ya kaunta, na maelezo ya gereji yenye mhuri. Nakala za zote nimeambatanisha hapa.

Kama kuna nyingine kama yangu pale nyuma karibu na ukuta, naomba sana msiitoe kabla hamjabadilisha maji ya breki. Nilipokuja mara ya mwisho niliona nyeupe mbili zina vumbi.

Gari yangu kwa sasa iko gereji Tabata, haitembei. Ufunguo ninao mimi. Fundi wenu anaweza kuja kuiangalia siku yoyote kuanzia saa mbili asubuhi, anipigie kwanza, namba mnayo kwenye mkataba.

Mteja wenu