Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: kifungu cha nne kiondolewe

Ndugu Makamu Mkuu wa Chuo,

Salaam. Nimeusoma waraka wako kuhusu kamari, pombe na dawa za kulevya. Mengi yaliyomo sina ugomvi nayo. Kinachonisumbua ni kifungu cha nne, kinachosema mwanafunzi atakayebainika kubeti au kutumia kilevi ndani ya eneo la chuo atasimamishwa masomo muhula mmoja, na akirudia atafukuzwa. Mimi nafundisha takwimu na ni mshauri wa kitaaluma wa mwaka wa pili. Nakuandikia hadharani kwa sababu waraka nao ulibandikwa hadharani, na wanafunzi waliousoma kwa hofu wana haki ya kujua kwamba humu ndani yupo mtu anayeupinga.

Uraibu huishi kwa kufichwa. Kifungu hiki kinampa mraibu sababu mpya ya kujificha, na hicho ndicho ninachokipinga.

Pombe ina harufu, na mlezi wa bweni anaweza kuinusa mlangoni. Kamari hainuki. Mwanafunzi anaweza kukaa mstari wa mbele darasani kwangu, simu imelala juu ya daftari, akapoteza ada ya muhula mzima kabla sijamaliza kufuta ubao. Utakachokiona ni vya pembeni tu: laptop iliyokuwa "kwa fundi" tangu mwezi jana, jina linalokosekana kwenye orodha ya waliosajiliwa mitihani, rafiki anayebadili njia akimwona kwa sababu anamdai. Kwa hiyo mtakaowabaini kwa kifungu cha nne ni wale wasio hodari wa kuficha, na hao mara nyingi ndio ambao bado hawajazama sana.

Mmoja wa wanafunzi (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike) alikuja ofisini kuomba barua ya kuongezewa muda wa kulipa ada. Tukaongea, mwisho akanionyesha mkeka wake wa wiki iliyopita, yaani orodha ya mechi alizozibetia kwa pamoja, ambayo ikikosea moja tu dau lote limekwenda. Mechi 12. Kumi na moja zilikwenda kama alivyobashiri, moja ikauchana mkeka kwa bao la dakika za nyongeza. Alipitisha kidole juu ya zile alama za kijani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeonyesha cheti. Nikachukua karatasi nikamwandikia: tuseme kampuni inajikatia asilimia 5 kwenye kila mechi, ukiunganisha 12, kwa kila 100 unayoweka, kwa wastani inakurudia ngapi? Hakungoja nimalize. "Hamsini na nne, mwalimu. Hiyo naijua. Lakini si umeona nimekosa moja tu?"

Kijana huyu ana A kwenye somo langu. Wanaosema dawa ni kuandaa semina ya kuwafundisha vijana kwamba kamari haina faida, wangekaa naye dakika tano. Hesabu anayo. Kinachomwendesha ni ile mechi moja. Luke Clark na wenzake walichapisha mwaka 2009 utafiti wa watu waliopimwa ubongo huku wakicheza mchezo wa mashine ya kamari. Kukosa kidogo kuliamsha sehemu za ubongo zinazohusika na kushinda. Washiriki walisema hali hiyo haiwafurahishi, lakini hamu yao ya kuendelea ilipanda, hasa pale walipojichagulia wenyewe. Na mkeka ni kitu gani kama si kujichagulia mwenyewe mechi 12, ukikaribisha kukosa kidogo kila mwisho wa wiki?

Hili halihitaji tubishane kama ni ugonjwa au ni tabia mbaya tu, kwa sababu wenye fani walishalimaliza. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuhamishia uraibu wa kamari kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya mwaka 2013. Shirika la Afya Duniani likafanya vivyo hivyo katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Katika vigezo vya Marekani, miongoni mwa dalili zinazotazamwa ni kurudi kucheza ili kufidia kilichopotea, kuwadanganya watu ili kuficha, na kuhatarisha masomo kwa sababu ya kamari. Yaani mgonjwa akionyesha dalili, sisi tunamwandikia barua ya kumsimamisha.

Tufuatilie hiyo barua inakompeleka. Anarudi nyumbani na aibu, na simu ile ile, na muhula mzima usio na kazi. Rafiki aliyekuwa akimwuliza "vipi leo?" hayupo. Utafiti wa Karlsson na Håkansson uliochapishwa 2018, uliotumia kumbukumbu za afya za Sweden, ulikuta kwamba vifo vya kujiua kati ya watu waliokuwa wametambuliwa na hospitali kuwa na uraibu wa kamari vilikuwa mara 15 ya watu wa kawaida. Sisemi kila mwanafunzi anayebeti yuko huko. Nasema hatuna namna ya kumjua aliyeko huko ikiwa anayejitokeza tunamtimua.

Najua kamati ya nidhamu itajibu kwamba kuna walioibiwa, na ni kweli. Aliyeiba laptop ya mwenzake ashughulikiwe kwa wizi, na airudishe. Huko sina msamaha wa kuomba.

Ninachoomba ni kwamba mwanafunzi anayekuja mwenyewe, au anayeletwa na rafiki, apokewe zahanati au kwa mshauri nasaha, na maneno atakayoyasema huko yasitumike kumshtaki kwa kubeti au kulewa. Liandikwe kwenye kanuni. Ahadi ya mdomo haimtoi mtu mafichoni. Apewe ruhusa ya kuahirisha masomo kama anavyopewa aliyevunjika mguu, nafasi yake ikimsubiri. Zahanati nayo ianze kuuliza. Yapo maswali mawili yaliyotungwa mwaka 1997 kwa ajili hiyo: umewahi kuhisi lazima uongeze dau zaidi na zaidi? Umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachochezea? Muuguzi anayauliza wakati anapima presha. Jibu la ndiyo kwa moja linatosha kumfanya avute kiti na kuongea zaidi.

Jambo la pesa linataka uangalifu kuliko yote, na ndilo tunaloliharibu kwa huruma. Familia ikigundua, huchangishana ikamlipia kijana madeni yote kwa mkupuo, tena kwa kumtumia pesa mkononi. Baada ya siku chache zimekwenda, kwa sababu kwake pesa hiyo ni dau la kurudisha yote. Ofisi ya ushauri ingesaidia sana kama ingemkalisha na mzazi au ndugu anayemwamini wakaandika anadaiwa na nani na kiasi gani, kisha kila mdai alipwe moja kwa moja, kidogo kidogo. Ada iende chuoni bila kupitia kwake. Pesa ya kujikimu, akiridhia mwenyewe, ishikwe na mtu mwingine na kutolewa kwa wiki. Neno "akiridhia" nimeliweka makusudi: tukimnyang'anya tu, atakopa kwingine.

Halafu kuna simu. Anayeacha pombe anaweza kuepuka baa. Anayeacha kamari tunamlazimisha kutembea na baa mfukoni, maana ratiba, matangazo na kazi za darasa vyote tunavituma kwenye simu. Zipo programu za kufunga tovuti za kubeti, baadhi ya benki huzuia malipo ya kamari mteja akiomba, na katika nchi nyingi mchezaji anaweza kujifungia akaunti asiruhusiwe tena. Ila mara nyingi kitufe cha kuweka pesa kiko mbele kabisa, na cha kujifungia kimezikwa kurasa nyingi ndani. Afanye kazi hiyo mchana, mshauri akiwa pembeni yake, akaunti baada ya akaunti mpaka ziishe. Na mhadhiri anayeombwa na mwanafunzi wa namna hii nakala ya notisi kwenye karatasi ampe bila kumhoji.

Kuhusu chumba cha kukutania wanafunzi wanaopona, naomba kimoja tu, jioni, chenye mlango usiotazamana na utawala. Wanaopona hudumu katika kupona kwa kukutana na wanaopona wenzao. Hivyo ndivyo walevi walivyofanya kuanzia 1935 kule Akron, Marekani, na wacheza kamari wakaanzisha chama chao Los Angeles mwaka 1957. Vyuo navyo vimeshajaribu. Chuo Kikuu cha Brown kilianza kuwasaidia wanafunzi wanaopona mwaka 1977, na Rutgers kikawatengea makazi yao mwaka 1988. Bweni zima siombi. Ila mwanafunzi aliyetoka matibabu ya pombe akiomba kuhamishwa chumba kwa sababu anaolala nao wanakunywa kila Ijumaa, asiambiwe asubiri mwaka ujao.

Atateleza pia. Wengi huteleza kabla ya kusimama sawasawa, na ile "akirudia atafukuzwa" inamnasa mtu pale pale anapohitaji kurudi kwa mshauri na kusema nimecheza tena jana.

La mwisho ni la kwetu, na nasikitika kulisema. Jezi za bonanza letu la michezo zina jina la kampuni ya kubeti kifuani, na wapo wanafunzi wanaolipwa kamisheni kwa kila mwenzao wanayemsajili. Mkataba huo umesainiwa na ofisi zetu. Haiwezekani chuo kimsimamishe mwanafunzi kwa kubofya jina lililoko kwenye jezi ambayo chuo chenyewe kimemvalisha. Mkataba ukiisha usihuishwe, na kamisheni za usajili zipigwe marufuku kuanzia sasa. Hapo mkitaka ukali, nitawaunga mkono.

Seneti inakutana kabla ya muhula kufunguliwa. Naomba kifungu cha nne kiingizwe kwenye ajenda na utekelezaji wake usimame mpaka kijadiliwe. Rasimu ya kifungu mbadala ninayo, ni ukurasa mmoja. Mshauri nasaha na muuguzi mkuu wameshaisoma na kuirekebisha. Nitaileta ofisini kwako siku utakayoniita.

Wako katika kazi,

Mhadhiri wa takwimu na mshauri wa kitaaluma, mwaka wa pili