Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya wa 2025 kwa Vijana wa Kikundi Chetu

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo. Kwa niaba ya kamati nawasalimu nyote katika jina la Mungu aliyetufikisha salama Desemba hii, nikiwatakia heri ya Krismasi na fanaka za Mwaka Mpya. Na ndugu zetu Waislamu, ambao pilau ya sikukuu tunaila sinia moja, salamu hizi ni zenu pia. Mnaopanda treni ya SGR kwenda kwa wazazi, na mnaobanana kwenye mabasi ya Singida na Kondoa, nawaombea safari njema.

Mwaka haukuwa mwepesi. Ulianza na sukari kuadimika, nasi tunaotengeneza juisi na jamu ya zabibu tukajikuta mwezi Februari, mavuno ya kwanza yakiingia kutoka Hombolo na Mpunguzi, tunanunua kilo moja ya sukari kwa shilingi 4,500 huku chupa tukiiuza kwa bei ileile ya mwaka jana, kwa kuwa mteja wa Soko la Majengo hana habari na sukari yetu. Mchele, kuku na nguo za watoto kila mmoja ameshapiga hesabu zake, sitamkumbusha.

Lakini sukari ilirudi. Mwenyekiti wetu tuliyemzika Septemba harudi. Wengi wenu mlimfahamu kama mama wa mikutano, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Mimi namkumbuka kwa kaunta buku lake. Nilifika kwake mwaka 2012, nikiwa nimetoka kumaliza shahada ya uhasibu pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na nikijiona ninajua kila kitu, akaniwekea mezani daftari lililofunikwa kwa gazeti, kalamu ikining'inia kwenye uzi wa kushonea. Ukurasa wa faida hakunionyesha. Alifungua ule wa mapipa manne ya mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo, yaliyogeuka siki kwa sababu mnunuzi aliyeahidi kuyachukua hakutokea, na kando ya kiasi cha hasara alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Nilimwamini kwa mdomo." Tangu siku hiyo sijaachia mzigo wowote bila karatasi iliyosainiwa.

Binti wa leo hakosi wa kumtazama. Bunge lililo hapa mjini kwetu liliongozwa na Mama Anne Makinda kuanzia 2010 hadi 2015, na mwaka 2022 Dkt. Tulia Ackson alichaguliwa kuwa Spika wake. Bi. Ruth Zaipuna alikabidhiwa uongozi wa benki ya NMB mwaka 2020. Na Mama Samia yuko Ikulu tangu Machi 2021. Nilishangilia kila mmoja wao, na bado nashangilia. Ila sisi huku chini tunawaona wakiwa wameshafika, na hakuna atakayetukalisha mezani kwake atuonyeshe alikopoteza. Mwenyekiti alitukalisha, na kazi hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyowatoa mabinti zaidi ya kumi wa kikundi hiki wakasimamisha biashara zao.

Mnisamehe niseme na jambo moja ambalo halihusu kikundi. Wiki moja kabla hajafariki alinipigia simu akitaka nipite kwake, nami nilikuwa nafunga hesabu za ofisi, nikamwambia, "Mama, nakuja Jumamosi." Jumamosi nilienda. Nilikuta turubai limeshafungwa uani.

Kwa hiyo nawasihi, ingawa najua sauti yangu imeanza kupanda kama ya padri wa misa ya mkesha: msikimbilie kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya mitaani, kwa ajili ya sikukuu ya siku moja. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na sasa imerejea, tena haina riba. Lakini haiji kwa anayeweka kumbukumbu kichwani. Sajilini majina ya biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, chukueni TIN, yaani namba ya mlipakodi, andikeni hata shilingi mia tano ya bodaboda, na fedha ya mtaji msiichanganye na ya mboga. Nanyi mlioajiriwa, mnaoshinda kwenye ofisi za serikali za Mtumba na za mabenki, msitosheke na kupiga picha na viongozi kwenye makongamano. Mtafuteni binti mmoja anayeuza pale soko la Machinga, mkae naye saa moja kwa wiki, na mwonyesheni mlipokosea kabla ya kumwonyesha mlipofanikiwa. Mwacheni awaulize mpaka mwone aibu, kwa sababu Mwenyekiti alikubali kuona aibu mbele ya msichana wa miaka ishirini na nne aliyekuja na vyeti vyake kwenye bahasha.

Familia yake imetukabidhi lile daftari, na kalamu bado imefungwa kwenye uzi wake. Litakuwa mezani Jumamosi ya tarehe 4 Januari, saa nne asubuhi, mahali petu pa siku zote. Kila mmoja aje na ukurasa wake mmoja wa hasara; mimi nitaanza na wa sukari.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Katibu wenu,
Dodoma