Barua kwa Idrisa kuhusu bunduki ya mitutu saba

Ndugu yangu Idrisa,

Salamu nyingi sana. Natumai u mzima wa afya, wewe na wote walio pamoja nawe. Mimi sijambo. Mwalimu Sefu amepata nafuu na ananiagiza nikusalimu. Zuhura naye anakusalimu, na habari zake nitazifikia mbele.

Ukimya wangu umekuwa mrefu, na ningependa barua hii ianze kwa mazungumzo ya kawaida, lakini rasimu ya mhadhara wako imenikosesha utulivu tangu niisome. Umeniomba nikusaidie kuchagua silaha zipi zibaki na zipi ziondoke. Kabla ya kuchagua, nina ombi moja: tafadhali badilisha kichwa cha mhadhara. "Silaha za Kuchekesha" kitawaleta wanafunzi ukumbini, sikatai, lakini kitawafundisha kwamba watu wa zamani walikuwa wajinga, na hilo si kweli hata kidogo. Karibu kila silaha uliyoiorodhesha ilibuniwa na mtu mwenye akili timamu aliyekuwa akijibu swali la haki kabisa. Walichokosea wengi wao ni kitu kimoja: waliitazama shabaha wakamsahau anayeishika silaha.

Chukua bunduki ya Nock, ambayo umeipa mistari miwili tu na kuiita kichekesho cha Waingereza. Ningekuomba uifanye kuwa moyo wa mhadhara mzima. Aliyeibuni si Nock bali James Wilson, aliyeipeleka kwa serikali ya Uingereza mwaka 1779, na Henry Nock wa London ndiye aliyepewa kazi ya kuitengeneza. Swali lililoizaa lilikuwa zito. Manowari mbili zikikaribiana ubavu kwa ubavu, mabaharia waliopanda kwenye majukwaa ya milingoti huwafyatulia risasi walio kwenye sitaha ya adui, na kila gobore lina risasi moja tu, kisha kazi ya kushindilia upya juu kule huku meli inayumba. Mtu mmoja angewezaje kumwaga risasi nyingi kwa mkupuo mmoja? Jibu la Wilson lilikuwa kuifunga mitutu saba pamoja, mmoja katikati na sita ikiuzunguka, yote ikiwashwa na gumegume moja.

Naomba utazame kwa karibu jinsi moto unavyosafiri ndani yake, kwa sababu hapo ndipo uzuri na balaa vinapokutana. Jiwe hupiga chuma, cheche huangukia baruti ya kisahani, moto huingia mtutu wa katikati, na kutoka hapo hupenya matundu madogo yaliyotobolewa kwenda kwenye mitutu sita ya pembeni. Kifyatulio kimoja, risasi saba. Fundi aliyeyatoboa matundu hayo alijua kazi yake, na ukiitazama bunduki hiyo kwa nje huwezi kudhani kwamba ndani kuna njia za moto zilizopangwa kwa usahihi namna ile.

Sasa mweke baharia nyuma yake. Bunduki yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo 5. Risasi saba zinapotoka kwa pamoja, msukumo wote wa nyuma unarudi kwenye bega moja, la mtu aliyesimama juu ya mlingoti, na msukumo huo ulikuwa mkali kiasi cha kuwaumiza mabega waliozifyatua. Mwali unaotoka kwenye midomo saba uko karibu na matanga na kamba, vitu vinavyoshika moto upesi kuliko chochote melini, hata maofisa wakaogopa kwamba silaha yao wenyewe ingewachomea chombo. Ikishafyatuliwa, kuna mitutu saba ya kushindilia upya, na kama mmoja umekataa kulipuka, baharia hana budi kuugundua ni upi kabla hajauongezea baruti nyingine juu ya ile ya kwanza. Mamia ya bunduki hizi yalinunuliwa kwa ajili ya jeshi la majini, na kufikia mwaka 1804 zilikuwa zimeondolewa kazini. Mimi sioni ujinga hapo. Naona bega la mtu ambalo halikuingizwa kwenye hesabu, na ningependa wanafunzi wako waondoke ukumbini wakilikumbuka bega hilo.

Ukishaliona jambo hili, unaliona kila mahali. Zile ngao za mfalme Henry VIII, ambazo umeziweka mwishoni kabisa, zinastahili kupanda juu. Ngao ya mbao iliyofunikwa mabamba ya chuma, katikati yake bastola fupi ya kuwashwa kwa utambi, na juu ya mtutu tundu dogo lenye kimia cha kuchungulia. Nyingine zimepatikana ndani ya mabaki ya Mary Rose, meli iliyozama mwaka 1545, kwa hiyo si mapambo ya ikulu tu. Wazo ni la kuvutia: jikinge na upige bila kujifunua. Lakini jaribu kuwaza mkono unaoinua mbao na chuma kwa pamoja, jicho lililosogezwa kwenye tundu, na utambi unaowaka sentimeta chache kutoka usoni. Aliyeichora aliuona upande wa mbele wa ngao kwa uangavu mno kuliko upande wa nyuma.

Kuhusu James Puckle na bunduki yake nakusihi usiishie kwenye risasi za pembe nne. Najua zinavutia. Mwanasheria wa London anapata hataza ya bunduki hiyo mwaka 1718, na katika mchoro wake anaonyesha risasi za duara za kuwapigia Wakristo na za pembe nne za kuwapigia Waturuki. Maneno hayo yasomwe ukumbini jinsi yalivyo, kwa sababu ni chuki iliyochorwa kwa rula, na wanafunzi wana haki ya kuiona bila kufunikwa na kicheko. Ila waambie pia kwamba mwaka 1722, mvua ikinyesha, silaha yake ilifyatuliwa mara 63 kwa dakika 7. Askari mwenye gumegume siku hizo alijitahidi kufikisha risasi 3 kwa dakika, na mvua ilikuwa adui wa baruti ya kila mtu. Tena Puckle aliiweka silaha yake juu ya miguu mitatu, na msukumo ukaishia kwenye stendi badala ya begani. Wilson alikuja miaka 60 baadaye akalirudisha bega palepale! Haikununuliwa na jeshi, na ni chache mno zilizotengenezwa, lakini kwa kipimo changu mwanasheria huyu alimfikiria mfyatuaji kuliko mafundi wengi waliomfuata.

Hata ule mtutu uliopinda wa Wajerumani wa Vita vya Pili ulianza kwa kumfikiria mfyatuaji, ndiyo maana siwezi kuucheka. Ulifungwa mbele ya bunduki ili askari apige akiwa nyuma ya kona, akitazama kwa vioo. Chuma ndicho kilichokataa. Risasi zikilazimishwa kupinda zilivunjika vipande, na mtutu wa nyuzi 30 uliharibika baada ya risasi 300 hivi. Huu ubakize, ila kwa maelezo mafupi.

Liberator ndiyo iliyonikosesha usingizi. Umeandika kwamba Wamarekani walitengeneza bastola "mbovu" milioni moja mwaka 1942, ukapita. Rudi hapo, Idrisa. Kiwanda kilichozoea kutengeneza taa za magari kilikata na kukunja mabati, kikaunda bastola ya risasi moja kwa gharama ya dola 2 na ushei. Ndani ya mtutu hamna mifuo, kwa hiyo risasi haizunguki na haifiki mbali kwa uhakika. Ukishapiga, unavuta kitu cha nyuma, unafungua, unachukua kijiti cha mbao, unalisukuma ganda tupu litoke, unaingiza risasi nyingine. Maelekezo yake yalikuwa picha bila neno hata moja, ili mtu wa lugha yoyote aelewe. Nia ilikuwa kuwafikishia watu walioishi chini ya majeshi yaliyowavamia: mkaribie askari, umpige, uchukue bunduki yake, kisha hii uitupe. Nyingi hazikufika zilikokusudiwa, na baada ya vita sehemu kubwa iliharibiwa.

Sasa niambie, ni nani aliyekaa akamfikiria mwenye kuishika? Mtu asiye na mafunzo, mbele ya askari mwenye silaha kamili, umbali wa hatua chache, na risasi moja. Kwa upande mmoja ni silaha iliyomheshimu, kwa kuwa picha zile zilichorwa kwa ajili yake na kwa subira. Kwa upande mwingine ilimkabidhi kazi ambayo ikikosea mara moja hana la pili. Nimeligeuza jambo hili kila upande na bado sijaridhika nalo, na ndiyo maana nataka lisimame kando ya bunduki ya Nock, uzalishaji wa rahisi kabisa kando ya ule wenye ufundi wa hali ya juu, wanafunzi wabishane wenyewe.

Zilizobaki nitazipitia haraka. Popo waliofungwa mabomu madogo ya moto, wazo la daktari wa meno Lytle Adams, waondoe. Kisa cha kuungua kwa majengo ya uwanja wa ndege kule Carlsbad mwaka 1943 kitaumeza mhadhara wote. Lile gurudumu la roketi la Waingereza, Panjandrum, nalo liondoe, kwa kuwa halikuwa na mtu wa kulishika wala kuliongoza. Mzinga wa midomo miwili wa Athens, Georgia, wa mwaka 1862, ubakize kwa sababu ya mnyororo: tufe mbili za chuma zilizounganishwa nao zilitakiwa kutoka kwa wakati mmoja, kila moja kwenye mdomo wake, na baruti ya pande mbili haikukubali kuwaka pamoja. Ni tatizo lilelile la matundu ya Nock, ila kule fundi alilitatua na huku hakulitatua. Bunduki ya hewa ya Girardoni, iliyotumiwa na jeshi la Austria tangu 1780, ipe nafasi yake. Ilipiga risasi 20 hivi bila moshi, lakini ilitaka pampu ya mara 1,500 kuijaza upya, na ngozi zake za kuzuia hewa zilihitaji mtunzaji mwenye subira kuliko askari wa vitani.

Lakini mzinga wa Paris, ule ambao Wajerumani waliupigia mji huo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tafadhali, usiuweke kati ya popo na mzinga wa mnyororo. Hapo niliumia. Ni kweli ni ajabu ya ufundi: kombora lilisafiri zaidi ya kilomita 120, na kwa kuwa kila mpigo ulikwangua mtutu, makombora yalipewa namba na kila lililofuata lilikuwa nene kidogo kuliko lililotangulia. Ila mtambo ule haukuweza kulenga kitu chochote kidogo kuliko mji. Tarehe 29 Machi 1918, siku ya Ijumaa Kuu, kombora liliangukia kanisa la Saint-Gervais wakati wa ibada, wakafa watu zaidi ya 80. Uelezee peke yake, kwa sauti ya chini, au uuache kabisa.

Na kama unataka mwisho wenye uzito, chukua Davy Crockett. Jeshi la Marekani, kati ya 1961 na 1971, liliwakabidhi askari wachache kifaa cha kurusha bomu la nyuklia la kilo 34 hivi, umbali wa kilomita 2, au 4 kwa mtambo mkubwa zaidi. Mionzi yake ndiyo iliyotegemewa kuua kuliko mlipuko wenyewe. Baharia wa Wilson aliogopewa moto wa matanga. Hawa walipewa moto wa nyuklia kwa umbali ambao mtu huutembea kwa miguu kwa chini ya saa moja, wakaambiwa wajifiche baada ya kufyatua. Karibu miaka 200 imepita kati ya silaha hizo mbili, na bega bado halimo kwenye hesabu.

Nimekwisha kuzungumza na Zuhura. Yuko tayari kuichora bunduki ya Nock ikiwa imepasuliwa kwa urefu, njia za moto zionekane zote, mradi umpelekee vipimo na picha uliyonayo ya upande wa gumegume. Anataka kujua mchoro utaonyeshwa ukutani au utachapishwa, kwa sababu unene wa mistari utategemea hilo.

Sasa nijibu mapema, nakuomba. Utakibadilisha kichwa? Muda wa mhadhara ni saa moja au umeongezewa? Unadhani Liberator ilimheshimu mshikaji wake au ilimtupa? Je, umewahi kusoma maelezo ya baharia yeyote aliyeifyatua bunduki ya Nock kwa mkono wake, si ya ofisa aliyekuwa akitazama? Na yule kijana wa maktaba aliyekuahidi orodha ya silaha za Henry VIII ya mwaka 1547, amekuletea? Kama hajakuletea, nitamwomba Mwalimu Sefu aulize kwa wenzake, ila nahitaji kujua kabla hujaanza kuandika upya sehemu ya ngao.

Wasalimie wote.

Rafiki yako,
Yusufu